Kengele ya Fahali Matao

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimefifia hivyo? Mlio nyuma mmekwisha kusinzia? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, ng'ombe walipokuwa wakijichunga wenyewe na hakuna aliyewashikia fimbo, palikuwa na chama. Kiliitwa Chama cha Ng'ombe wa Pembe Ndefu. Kila mwaka, masika yakikatika, wanachama walikutana uwandani. Walipeana habari za mwaka. Walibishana juu ya kupe. Wakala, wakacheua, wakabishana tena. Kisha wakatoa tuzo. Palikuwa na tuzo ya maziwa. Palikuwa na tuzo ya pembe. Na ya mwisho, iliyozipita zote, ilikuwa kengele ya shaba ya kuvaa shingoni.

Katika chama hicho alikuwamo Fahali Matao. Jina lilimkaa. Akienda kunywa maji, huenda kwa matao. Akienda kujikuna mtini, kwa matao vilevile. Miaka nenda miaka rudi aliitamani kengele. Miaka nenda miaka rudi akapewa mwingine. Naye kila mara alirudi amenuna, akijiambia kwamba wanamwonea wivu.

Mwaka huo Bi Tuli, ng'ombe mzee aliyekuwa akipewa kengele hiyo mwaka baada ya mwaka, alisema magoti yake yamechoka. Akauliza nani yuko tayari kuipokea. Uwanda ukawa kimya. Huyu akatazama kwato zake. Yule akakumbuka ana ndama wa kunyonyesha. Fahali Matao akajitokeza mbele. Hakujiuliza mbona wenzake wamenyamaza. Alidhani wameduwaa kwa uzuri wake.

Bi Tuli akamvisha kengele. Akamwambia, "Matao, mwanangu, kengele hii ina kazi yake. Nisikilize nikueleze."

"Bi Tuli, niache kwanza niwashukuru wanachama," akasema Matao.

Akashukuru. Akashukuru jua likiwa utosini, akashukuru hata jua likainamia magharibi. Alizishukuru pembe zake, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Alipomaliza, Bi Tuli alikuwa anakoroma, na chama kizima pamoja naye. Kazi ya kengele ikabaki haijaelezwa.

Asubuhi ukungu ukashuka, mzito, na nyasi zilikuwa ndefu kupita migongo. Matao akaamka mapema, akatikisa shingo. Ng'olong'olo, ng'olong'olo. Akaipenda sauti ile. Akaondoka kwenda kujitembeza. Ng'olong'olo, akapita kwa nyati, ili nyati wamwone. Ng'olong'olo, akapita kwa pundamilia, ili pundamilia nao wasikose. Njiani alijisemesha kwa sauti. Alisema nchi hii haijapata kuona shingo kama yake. Alisema hata Bi Tuli hakujua kuivaa. Kisha akaimba. Sauti yake, tusifichane, ilikuwa mbaya.

Akashuka korongoni, kwenye kijito, anataka kujitazama majini. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Ndipo ng'ambo ya kijito akasikia: grrrum. Harufu ikamfikia puani. Simba.

Matao akatetemeka, na kila alipotetemeka kengele ikalia. Ng'olo, ng'olo, ng'olo. Akajikaza asimame imara. Ng'olo, ng'olo. Akaichukia kengele kuliko alivyowahi kumchukia kupe yeyote. Basi akapiga magoti, akaididimiza topeni hadi ikajaa. Kengele ikanyamaza jii. Akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, ukungu umfiche.

Makalio yake yakagonga kitu. Kitu kikasema, "Mbona kengele imenyamaza? Sasa tuelekee wapi?"

Alikuwa Bi Tuli. Na nyuma yake, katika msafara uliopotelea ukunguni, kilikuwa chama kizima pamoja na ndama wao. Matao akanong'ona kuuliza wanafanya nini pale. Bi Tuli akamweleza yale ambayo jana hakutaka kuyasikia. Kwamba ukungu ukishuka hakuna aionaye njia. Kwamba mwenye kengele hutangulia, na wengine hufuata sauti. Wamemfuata tangu alfajiri. Wamemfuata kwa nyati, wamemfuata kwa pundamilia.

"Na nilivyokuwa nikisema, mlinisikia?"

"Tulisikia yote," akasema Bi Tuli. "Na wimbo pia."

Masikio ya Matao yakawaka moto. Lakini simba hawakungoja amalize kuona haya. Chubwi, mguu kijitoni. Chubwi, mwingine. Matao angeweza kukimbia peke yake, kimyakimya, na ukungu ungemficha. Aliliwaza jambo hilo, na, tusifichane tena, lilimpendeza sana. Kisha akawatazama ndama. Walikuwa wamesimama, wametega masikio, wanaisubiri kengele.

Akaingia kijitoni mzimamzima, kulekule waliko simba. Akatumbukiza shingo. Akaisuuza kengele, akainuka akiitikisa kwa nguvu zake zote. Ng'olong'olo, ng'olong'olo! Simba wa mbele akaruka, akaunasa mkia. Matao hakugeuka kuudai. Akapanda ukingo wa korongo mbio, na chama kizima nyuma yake, gudu gudu gudu, hadi uwandani ambako ukungu ulikuwa unainuka. Hapo wakapanga duara, pembe nje, ndama ndani. Simba wakazitazama zile pembe ndefu. Wakakumbuka wana shughuli nyingine.

Hakupotea ndama hata mmoja. Kilichopotea ni nusu ya mkia wa Matao, tena ile nusu yenye manyoya.

Mkutano uliofuata, Matao akaitwa atoe habari za kengele. Wanachama wakajilaza kabisa, wakijiandaa kwa hotuba. Yeye akasema, "Mlinipa kazi, nikadhani mmenipa pambo. Mlikuwa nyuma yangu, nikadhani niko peke yangu. Na simba walipotokea, wa kwanza kutaka kukimbia nilikuwa mimi." Akageuka akawaonyesha kipande cha mkia. Wakacheka hadi wakapaliwa, naye akacheka kuliko wote.

Kengele wakamwachia. Safari hii hakushukuru. Aliuliza tu, kesho ukungu ukishuka, wangependa kwenda malisho gani.

Basi funzo lake ni hili: ukipewa cheo, uliza kwanza kazi yake, kwa sababu wapo wanaokufuata hata kama huwaoni. Na sisi tunaopenda kujisikiliza tukisema, wasimulizi tukiwamo, funzo hili ni letu pia.

Hadithi yangu imefika malishoni, nami naifungia hapo.