Wimbo wa Mwisho wa Riziki

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni juzi tu watu wakiwa na televisheni zao sebuleni, aliishi Tanga mama mmoja aitwaye Bi Tunu Shemdoe. Mwanawe wa pekee, Riziki, alitunga mchezo wa jukwaani, wote kwa nyimbo, akafariki hospitalini kabla haujachezwa. Wimbo wa mwisho aliuacha na maneno tu. Mahadhi yake alikwenda nayo.

Kituo kimoja cha televisheni kikaandaa shindano la kumtafuta atakayecheza nafasi ya mama katika mchezo huo. Bi Tunu akawa mmoja wa majaji watatu. Wakachujwa wasichana mpaka wakabaki watatu, wakawekwa nyumba moja, wakapewa masharti: kila mmoja autungie wimbo wa mwisho mahadhi yake, asimfundishe mwenzake, asipande jukwaani kwa zamu isiyo yake, na atakayevunja sharti atolewe.

Wa kwanza alikuwa Chausiku, mhudumu wa wodi. Wa pili Debora, mwanakwaya mwenye sauti ambayo hata wabishi waliikubali. Wa tatu Sikudhani, muuza mitumba, aliyeongoza kwa kura za watazamaji. Kwao walikuwa wameshashona sare za kusherehekea, watu wana haraka jamani.

Siku tatu kabla ya fainali Chausiku akashikwa na mafua, sauti ikamkauka kabisa.

Siku ya fainali ilipofika, Debora akaanza kuimba, na Bi Tunu akahisi mwili unamsisimka. Mahadhi yale aliyajua. Ni yake mwenyewe, aliyokuwa akiyavumisha mdomo ukiwa umefumba, akichekecha unga wa maandazi na Riziki mgongoni. Hakudhani kama mtoto aliyashika. Akalia mbele ya kamera, wala hakujifuta.

Debora akamwona. Alipofika ubeti wa mwisho sauti haikutoka tena. Ndipo Sikudhani akatoka nyuma ya pazia, akamshika mkono mwenzake, akaumaliza wimbo kwa mahadhi yale yale.

Majaji wakawaita wote watatu, wakauliza mahadhi yametoka wapi. Chausiku akapiga magoti mbele ya Bi Tunu, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Mama, siku ile nilikuwa zamu. Riziki aliniambia, dada, niitie mama nimpe wimbo. Nikamwambia asubiri kengele ya kuona wagonjwa. Akaniimbia mimi, mara mbili, ili usipotee. Kengele ilipolia, alikuwa ameshakata roho. Nilikosa uso wa kukuambia, nikaingia shindanoni nikuletee kwa kuimba. Sauti iliponikimbia, nikamfundisha Debora. Nilikuwa na wimbo huu peke yangu, nikautoa."

Siku ile Bi Tunu alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa wodi, amepakata chupa ya uji, akisubiri kengele hiyo hiyo. Palikuwa na mlango mmoja tu kati yake na mwanawe. Uchungu ukampanda upya kama wa siku ya maziko.

Debora naye akasema, "Mama, mimi nilikuwa na mahadhi yangu, mazuri, nimeyahangaikia wiki nzima. Niliyaacha nikaimba ya mwanao. Na bila sauti yangu yasingekufikia."

Sikudhani akasema, "Walipofundishana jikoni nilikuwepo, namenya vitunguu. Ningewashtaki wangetolewa, nikabaki peke yangu. Nilinyamaza. Na leo nimepanda zamu isiyo yangu, zamu yangu nikaipoteza, kwa sababu sikutaka wimbo wa marehemu ukatike njiani."

Jaji mkuu akasema kwamba masharti yamevunjwa na wote, basi hayamtoi yeyote. Kisha yeye na mwenzake wakashindwa kuelewana, wakamsogezea Bi Tunu karatasi. Mwana ni wake, wakasema, na mchezo ni wa mwanawe, aandike jina yeye.

Bi Tunu akawatazama mmoja mmoja. Atakayemchagua atamwimbia wimbo ule kila onyesho, na kila onyesho atamsikia Riziki.

Haya, mnaonisikiliza, jiwekeni kwenye kiti chake. Yuko aliyeutunza wimbo, naye ndiye aliyemnyima mama neno la mwisho la mwanawe. Yuko aliyeuimba. Yuko aliyeumaliza. Je, kati yao, nani alistahili kuwa mama wa Riziki jukwaani?