Matikiti ya Kwenye Kona

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Barabara ya lami!

Na juu yake?

Lori la Kifaru!

Basi sogeeni pembeni, hadithi ipite.

Hapo zamani za malori alikuwepo Bi Pimbi, mama mfupi wa miguu, mrefu wa maneno. Nyumba yake ilikuwa upande huu wa barabara, na shule ilikuwa upande ule, palepale kwenye kona. Asubuhi moja binti yake wa pekee, Kidawa, alitoka mbio kwenda shule, akaacha uji nusu kikombe. Jioni hakurudi.

Msishtuke, hakufa. Ila siku hiyo Kifaru alipita. Vuuuum! Upepo wa lori ukawarusha watoto watatu mtaroni. Mwalimu Kanga akasema, "Wa ng'ambo hakuna kuvuka tena. Mtalala hapahapa shuleni mpaka barabara ipoe."

Barabara haikupoa. Kifaru alibeba mchanga, na roho yake ilitaka vyote. Wenzake wakipiga tripu tatu, yeye anataka saba. Wenzake wakila sahani, yeye anataka sufuria. Bi Pimbi alijaribu kuvuka mwenyewe. Anatia mguu, vuuuum! Yuko mtaroni. Anatia mguu, vuuuum! Yuko mtaroni. Kwenye kona ile, ukimsikia Kifaru ujue ameshafika.

Kila alasiri kengele ililia, ngo! ngo! ngo! Watoto waliimba, na Bi Pimbi alikaa ukingoni mwa barabara akiitafuta sauti moja katikati ya sauti nyingi. Aliipata kila siku. Siku moja aliisikia inapitisha upepo, akakaza macho, akaona Kidawa ana pengo mbele. Jino la mwanawe limeng'oka, na yeye hakuwepo kulirusha juu ya paa. Siku hiyo hakula. Alimtamani mtoto wake, basi. Alitamani hata kumgombeza.

Akaenda kumsubiri Kifaru mahali anapopozea injini.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Nakuomba upunguze mwendo pale shuleni. Kuna watoto."

"Marahaba. Watoto wangu?"

"Hapana."

"Basi mchanga wangu haungoji." Vuuuum!

Akamwomba mtama ukiwa haujapandwa. Vuuuum! Akamwomba mtama ukichanua. Vuuuum! Akamwomba ndege wakiwa wameshaanza kuula. Vuuuum! Hapo Bi Pimbi akaacha kuomba, akachukua panga.

Kila dereva anajua: ukiona matawi yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika. Bi Pimbi akakata matawi mabichi, laini, akayapanga kabla ya kona: moja, mawili, matatu. Mbuzi akapita, akayala: moja, mawili, matatu. Kifaru akaja. Vuuuum! Bi Pimbi akabaki na panga lake mkononi.

Kesho yake akakata mwarobaini. Mbuzi akaonja, akatema, akaenda zake. Kifaru akaja, akaona matawi. Kwiiiii! Breki.

"Nani kaharibikiwa?"

"Tembo, Bwana. Lori lake limelala hapo kwenye kona. Lilijaa matikiti."

"Matikiti?" Kifaru akameza mate. "Nani anayaokota?"

"Bado hajatokea mtu. Ila yametapakaa barabara nzima. Ukienda mbio utayaponda."

"Niyaponde mimi? Nina wazimu?"

Kifaru akaenda polepole, ngrr... ngrr... kichwa nje ya dirisha, anaichunguza lami, maana macho yake hayaoni mbali. Bi Pimbi akatembea mbele ya lori kwa miguu yake mifupi, na lori halikumpita. Kengele ikalia, ngo! ngo! ngo! Watoto wakatoka na sare zao za kijani.

"Nayaona!" Kifaru akapiga kelele. "Ya kijani! Yanabingirika!"

"Hao ni watoto, Bwana. Matikiti yako nyuma yao. Zima injini wapite kwanza, wasije wakayakanyaga."

Kifaru akazima injini. Bi Pimbi hakuwahi kuisikia barabara ile ikiwa kimya. Mwalimu Kanga akatangulia, watoto wa ng'ambo wakavuka mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Kidawa, sketi imeshakuwa fupi.

"Shikamoo, mama."

Bi Pimbi alisahau kuitikia. Alimshika kidevu, akamfungua mdomo alitazame lile pengo. Halikuwepo. Jino jipya lilikuwa limeshaota.

"Limeota lini hili?"

"Zamani, mama."

Bi Pimbi akamkumbatia, akalia palepale barabarani, mbele ya lori.

"Haya," Kifaru akaita, "matikiti yako wapi?"

"Lo! Umechelewa kidogo tu, Bwana. Jaribu kesho. Taratibu zaidi."

Kesho akaja taratibu zaidi. Kesho kutwa taratibu zaidi. Siku hizi hata matawi hayangojei. Akifika kwenye kona anazima injini mwenyewe, anatoa kichwa, anaitazama lami kwa hamu mpaka mtoto wa mwisho avuke. Bi Pimbi humcheka, kisha humwonea huruma. Anajua ilivyo kukodolea macho barabara ukingoja kitu kisichokuja.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa, mwenye haraka aipite.

Mnataka funzo? Haya, madereva wa malori, nisikilizeni. Mkikaribia shule msipunguze mwendo hata kidogo. Kanyageni mafuta! Mkipunguza mtawaona watoto wakivuka mmoja mmoja, mtazijua sura zao, mtawakumbuka wenu mliowaacha nyumbani, na mchanga wa watu utachelewa.