Eneo Halina Mgogoro

Kaeni, wapendwa. Kwaya nanyi kaeni, mmeimba vya kutosha, na yule wa sauti ya tatu anayeangalia saa namwona. Leo sitawachelewesha, ila nitawaudhi kidogo. Nataka kusema juu ya wivu, na ninawajua: nikianza moja kwa moja, kila mmoja atamgeukia jirani yake kuona kama ameguswa. Kwa hiyo napita njia ya kuzunguka. Mfano huu nimeutunga mwenyewe jana nikipukuchua mahindi, msianze kutafuta ni wa kijiji gani.

Kulikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, katika kijiji cha mwisho kabisa cha nchi yao. Kijiji cha mwisho sina haja ya kuwaeleza kilivyo. Simu yako inakamata mtandao wa ng'ambo, inakutumia ujumbe wa kukukaribisha nchi ambayo hujaenda. Sabuni ya ng'ambo, chumvi ya ng'ambo, na shemeji yako naye wa ng'ambo. Mpaka wenyewe ni mawe ya saruji yaliyosimikwa na watu waliokwisha kufa, moja hapa, jingine kule bondeni, na watu wanalima kuyazunguka kama baba zao walivyolima. Nani kati yetu amewahi kuonyesha pasipoti akienda kupalilia maharage?

Baba yao alipogawa shamba, kaka mtu akapewa sehemu ya chini, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza. Udongo mweusi, tambarare, unashuka mpaka kwenye jiwe la mpaka na kulipita. Mdogo mtu, jina lake Bitariho, akapewa changarawe ya juu, kando ya njia ya ng'ombe, mahali ambapo hata mihogo ilikuwa inaota kwa kusitasita. Bitariho hakulalamika. Na kaka mtu je, aliwahi kukosa usingizi akimwonea huruma mdogo wake? Hata siku moja. Miaka kumi na minane alilala fofofo.

Kisha serikali ikaja na mpango wake wa kuendeleza vijiji vya mpakani. Kwanza ile njia ya ng'ombe ikapanuliwa, ikawa barabara ya kupitisha lori. Halafu akaja afisa mipango kutoka wilayani, mama mmoja mwenye miwani, mpole, na ramani ndefu iliyobidi ishikwe na watu wawili. Akawaambia kwamba serikali imechoka kuona wananchi wake wanavuka kwenda kutibiwa kwa watu, kwa hiyo inaleta zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Kijiji kitoe eneo la tambarare lisilopungua ekari mbili, lisilo na mgogoro, na mkutano mkuu ulipitishe. Muhtasari ufike wilayani kabla Mei haijaisha, kwa sababu mwaka wa fedha ukifungwa, fungu linarudi lilikotoka.

Bitariho akasimama. Hakuwa msemaji. Akasema, "Chukueni changarawe yangu. Mimi haijanipa hata gunia, labda itawafaa watoto."

Yule mama akaenda kuikagua, akairidhia, akaandika. Wiki haikuisha, watu wakaanza kusema tukutane kwa Bitariho, nishushe kwa Bitariho, maana ndivyo tunavyopaita mahali sisi, kwa jina la mwenye ardhi. Kaka mtu akalisikia jina hilo kwenye mashine ya kusaga, akalisikia kilabuni, akalisikia kwa watu wa bodaboda. Kila likitajwa, anaaga na kuondoka.

Lakini pigo lenyewe lilitoka nyumbani kwake. Mkewe alikuwa amezaa watoto wawili njiani, juu ya machela, wakati wa kupelekwa hospitali ya mbali, na wote wawili aliwazika. Huyu mama ndiye aliyeifurahia zahanati kuliko mtu yeyote kijijini. Jioni moja akiwa anachambua mchicha akamwambia mumewe kwamba Mungu akimjalia mwingine, huyo atazaliwa salama, kwa Bitariho. Mume akasukuma sahani. Mtoto wake yeye, mzaliwa wa kwanza, aje aandikwe kwenye kadi ya kliniki kuwa amezaliwa kwa mdogo wake! Mke anaona mtoto hai. Mume anaona jina kwenye kadi. Wapendwa, mnaona wivu unavyompofusha mtu mzima mwenye akili zake?

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Kabla mwenyekiti hajaita kura, kaka mtu akanyanyuka, akarekebisha koti. Akasema mzaliwa wa kwanza hawezi kukaa akitazama zahanati ya serikali ikijengwa kwenye kokoto, yeye anatoa ekari tatu za udongo mweusi. Watu wakaguna kwa mshangao. Yule mama wa wilayani akauliza, kama sheria inavyomtaka aulize, kama eneo hilo lina mgogoro wowote.

"Halina mgogoro," akajibu. "Nalima pale tangu nina akili. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Na hakusema uongo! Hapo ndipo ninapomchukia na kumhurumia kwa pamoja. Kweli hakuna aliyewahi kumuuliza. Lakini upande wa huku alikuwa na ekari moja na nusu tu, na nyumba yake, na makaburi ya wazazi. Angeweza kunyamaza. Ila moja na nusu haiishindi mbili, na yeye alitaka kushinda. Ili ekari zitimie tatu, ilimbidi avuke jiwe. Alivuka kwa mdomo wake pale pale mkutanoni, na wala hakuhisi kama amevuka, kwa sababu miguu yake ilikuwa imezoea kuvuka kila asubuhi.

Bitariho akasimama tena. "Kaka," akasema, "kule ni ng'ambo. Tunalima tu, lakini si kwetu."

Kaka mtu akacheka, akawageukia watu. "Mmemsikia? Tangu lini mdogo wangu akahesabu mawe? Huo ni wivu tu, hakuna kingine."

Watu wakacheka naye. Mwenyekiti akaita mikono, na mikono ikapanda. Waliinyoosha watu ambao wote, mmoja mmoja, walikuwa wamelikalia jiwe lile wakila viazi vyao vya mchana. Huyu alinyoosha kwa sababu Bitariho aliwahi kumnyima baiskeli. Yule kwa sababu mke wa Bitariho siku hizi anasalimia kama mke wa diwani. Wengine hawakuwa na sababu, waliona tu kwamba Bitariho amesifiwa wiki tatu mfululizo na inatosha. Na mkono wa mwisho kupanda ulikuwa wa yule mama aliyezika wawili, ambaye kila msimu alipalilia kulizunguka jiwe hilo kwa jembe lake. Mumewe alikuwa amesimama, mkutano umejaa, angefanyaje? Akaunyoosha nusu, mpaka usawa wa sikio. Mtendaji wa kijiji akauhesabu.

Afisa alikuwa mgeni, na Mei ilikuwa inaisha, akaandika alichoambiwa bila kwenda kukagua. Muhtasari ukasainiwa, ukapigwa muhuri, ukaenda.

Wiki ya tatu ya Juni akaja mpima ardhi na kifaa chake cha setilaiti. Kaka mtu akatangulia mbele akionyesha eneo, kifua mbele. Mpima akapiga hatua, akatazama kifaa, akapiga hatua nyingine, akasimama katikati ya maharage.

"Mzee, mbona hapa nimeshatoka nchini hatua sitini?"

"Ni shamba langu hili."

"Sikatai kuwa ni shamba lako. Nasema si nchi yangu. Siwezi kupigilia kigingi hapa."

Wakakimbizana mpaka wilayani, mwenyekiti, mtendaji na wazee. Wakamsihi yule mama arudishe jengo kwenye changarawe ya Bitariho. Yule mama alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akawaeleza kwamba itahitajika mkutano mpya na muhtasari mpya na upimaji mpya, na zimebaki siku nane, na kuna kijiji kingine nyuma ya milima miwili ambacho karatasi zake zimekamilika. Fungu likaenda huko. Wao wasubiri mpango utakaokuja, baada ya miaka mitano.

Mwaka uliofuata mke wa kaka mtu akapata mimba. Uchungu ukamwanza Jumamosi asubuhi, akiwa anaanika mihogo. Wanaume wakafunga machela, wanne wanabeba, wanne wanafuata kupokezana, kama tunavyofanya siku zote. Bitariho alishika mti wa mbele na alikataa kupokewa. Walikuwa wanaelekea kwenye ile zahanati ya wenzao, nyuma ya milima miwili, mwendo wa saa tatu kwa njia ya miguu isiyopitisha gari. Wakapita kwenye changarawe, pako wazi, mbuzi wawili wamefungwa pale. Mlima wa kwanza wakaumaliza. Kwenye mteremko mama akaomba ashushwe, na mtoto akazaliwa pale kwenye nyasi, wa kiume, amekamilika viungo vyote. Hakulia. Walimgeuza, walimpiga mgongoni, walimpulizia. Hakulia.

Mama alipona. Kaka mtu akakaa chini pembeni mwa njia, mikono kichwani. Baada ya muda akainua macho akamtazama mdogo wake, na mjue hata hapo bado ule wivu ulikuwa unatafuta pa kujishikiza.

"Siku ile ungepiga kelele zaidi," akamwambia.

"Nilisema, kaka," Bitariho akajibu. "Ukasema ni wivu."

Mdogo mtu akavua koti lake, akamfunika mtoto.

Basi. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Akina mama mnafuta macho, na wanaume mnamlaani kaka mtu kimya kimya. Mnafurahi kumlaani, maana hafanani nanyi hata kidogo, sivyo? Ngojeni kwanza. Kaka mtu alikuwa na mkono mmoja tu. Mkono mmoja ungefika wapi? Eneo lile lilipitishwa na watu mia na zaidi waliokaa kwenye nyasi, wakaucheka ukweli kwa sababu ulioutamka ni mdomo wa mtu ambaye mambo yake yanamnyookea. Hao watu ni akina nani? Ni waumini. Siku ya pili yake walikwenda kanisani wakaimba, tena sauti tatu. Ni sisi wale.

Sisi tunaijua hali hii. Tunakaa mwisho wa nchi, gari la serikali likitufikia limeshachoka, na kila kinachofika kinafika kimoja. Kisima kimoja. Jengo moja. Na kimoja hicho lazima kikae kwenye ardhi ya mtu fulani. Hatumwombei mtu huyo. Tunajiuliza kwa nini yeye. Tuko tayari tukose wote, mradi yeye asipate, na tunaita hali hiyo kujadiliana.

Jumatano saa nne afisa mipango anakuja hapa kwetu kupitisha mahali pa kuchimba kisima kirefu. Mnajua wataalamu wameyaona maji wapi. Ni kwenye shamba la mama mmoja mjane, ameketi humu ndani, sitamtaja, na acheni kumgeukia. Tangu wiki mbili hizi nayasikia. Kwamba atajifanya mkubwa. Kwamba atatupangia saa za kuteka. Kwamba mwaka juzi alikuwa haonekani kanisani na leo ndiye wa maji. Mnayasema kwa sauti ndogo mkidhani mchungaji hasikii.

Mchungaji anasikia. Mchungaji amefanya zaidi ya kusikia. Ijumaa nilikaa mezani nikamwandikia afisa barua, nzuri, ya heshima, nikimweleza kuwa kiwanja cha kanisa ni kikubwa kuliko shamba la yule mama na kinafaa zaidi kwa faida ya wote. Hivyo ndivyo nilivyoandika, faida ya wote. Na mimi ndiye niliyesimamia kuchimba choo pale nyuma, tukagonga mwamba futi sita tukaacha. Najua kwamba pale hakuna maji. Nilijua nikiandika. Ila nimekaa kijijini hapa miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kuniletea ramani anikunjulie. Ikaniuma, wapendwa. Nikaona heri tuchimbe mwamba wote pamoja.

Jana nikipukuchua mahindi ndipo nikamwona yule mama wa mfano ameunyoosha mkono nusu, nikaogopa. Barua hii hapa, sikuituma. Mzee wa kanisa, njoo uichukue, uichane hapa hapa watu wakiona, wasije wakasema nimeificha.

Asante. Mama, uliyeketi humu, nimekukosea na sikuwa na haki. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote. Sasa tusimame tuliombee shamba lako maji. Na ambaye moyo wake haujaweza kuliombea shamba la mwenzake, akae tu, hatutamtazama. Lakini Jumatano asije.