Kesi ya Bibi Yungiyungi

— Niseme, nisiseme?

— Sema!

— Ya kweli au ya uongo?

— Ya uongo, yenye majina kamili!

Zamani sana, katika bwawa la matope na matete, walikuwapo hawa. Alikuwapo Kiboko, mwenye tumbo. Alikuwapo Korongo, kadhi wa bwawa, nami nasema korongo, sisemi heroe. Alikuwapo Chura, mjane. Na alikuwapo bibi mmoja, ua jeupe, ambaye Chura alipanga chini ya jani lake.

Sheria ya bwawa ilikuwa moja: mtu akifa, nyumba yake humwendea anayemtambua kwa jina.

Jioni moja ya Jumatano ua likajifunga. Kiboko, aliyeitamani sana ile pembe ya bwawa alimokaa bibi, yenye maji baridi, akaangua kilio. "Uuuwi! Shangazi yangu amekufa!"

"Hajafa, Bwana Kiboko," akasema Chura. "Amelala. Kila jioni hulala."

"Nyamaza, mpangaji! Shangazi yako au yangu?"

Korongo akaja, mguu mmoja juu. "Marehemu aliitwa nani?"

"Gugumaji," akasema Kiboko.

Chura akatazama chini. Miaka yote alimwita Mama Mwenye-nyumba tu. "Nipe hadi kesho, kadhi."

Asubuhi ua likafunguka. Chura akaruka, akaruka, akaruka, hadi kwa Korongo. "Njoo umwone, yu macho!"

"Kesi imepangwa jioni," akajibu Korongo. "Asubuhi sina marehemu."

Chura akarudi. "Mama, niwie radhi. Unaitwa nani?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Niliona haya."

"Yungiyungi. Gugumaji huelea, mizizi yake inaning'inia majini. Mimi jani langu limelala juu ya maji, lina mpasuo mpaka kwenye kikonyo, na mzizi wangu umeshika tope. Umesikia?"

"Nimesikia."

Jioni ua likajifunga. Kiboko akalia upya. Chura akayasema yote, neno kwa neno.

"Jani limelala, naona," akasema Korongo. "Mpasuo upo, naona. Mzizi sijauona. Bwana Kiboko, vuta. Akija kirahisi, ni shangazi yako."

"Kadhi, mtamuua!"

"Marehemu hauawi, Bibi Chura."

Kiboko akavuta, hakuja. Akavuta tena, hakuja. Akavuta kwa meno, bwawa likatikisika, bibi akatoka mzimamzima, mzizi mnene umejaa tope.

Korongo akaukagua, akainamisha shingo. "Ni kweli. Ni Yungiyungi. Kiboko, nenda zako. Chura, umeshinda. Nyumba ni yako."

Chura akajitwika jani lake kichwani. Lilikuwa limeanza kulegea.

Ngano yangu imezama hapo. Mwenye kujua kuogelea na aifuate. Nanyi mkitaka kumjua mtu, muulizeni jina angali anajibu, na akijibu, msadikini. Kiboko, nasikia, bado anadai chakula cha matanga.

Yungiyungi alikufa Alhamisi.