Sabuni Kwenye Uta wa Fidla

Ndugu zangu, wekeni saa mfukoni kidogo. Kulikuwa na dada mmoja, fundi cherehani, aliyetamani miaka mitatu kuingia klabu ya taarab ya mtaani kwao. Siku alipopewa kiti kwenye safu ya fidla, furaha ikageuka hofu. Nikikosea je? Maana kwenye klabu ile, mgeni akichafua wimbo mbele ya watu, hurudishwa kupanga viti mwaka mzima. Mnacheka? Nani kati yenu angekubali?

Basi akapata ujanja. Akapaka sabuni kwenye uta wa fidla yake. Uta wenye sabuni huteleza tu juu ya nyuzi, hautoi mlio. Akawa anauvuta kwa madaha, macho amefumba, kichwa kinayumba. Fidla zilikuwa tano, nani angejua? Mama yake akawauliza majirani, "Mnamsikia mwanangu?" Nao wakajibu, "Tunamsikia sana!"

Ikaja harusi moja, alasiri, ukumbi umejaa. Kiongozi wa fidla hakufika, kashikwa na homa. Mwimbaji akatoa ishara. Mikono minne ikapanda, ikashuka. Kimya! Ngoma peke yake, du, du, du.

Yule dada akashusha uta. "Jamani, nisameheni. Mimi nimepaka sabuni."

Mzee aliyekaa kando yake, mwenye miaka kumi na minane klabuni, akamkodolea macho. "Hata wewe? Mimi nilidhani wewe ndiye unayepiga!"

Wale wawili wengine wakaanza kuangalia viatu vyao. Bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Dada akachukua uta wa akiba wa kiongozi, uliokuwa kwenye sanduku la vyombo vya klabu, akapiga, akakosea, akaendelea. Na watu wakacheza.

Sasa tuje kwetu sisi. Yule mama mgonjwa wa nyuma ya soko, si tunamtaja hapa kila Jumapili? Si tunaitikia "Amina" mpaka mabati yanatetemeka? Jana ndipo nilipofika kwake. Akaniambia, "Karibu, mchungaji. Wewe ni wa kwanza kwa wiki sita."

Wiki sita, ndugu zangu! Niliona haya. Mimi nilidhani ninyi mmeshakwenda, na ninyi, naziona nyuso zenu, mlidhani nimekwenda mimi.

Tukitoka hapa ninarudi kwake, kwa miguu. Hata asiyejua la kumwambia mgonjwa na aje. Tutakosea pamoja, naye atafurahi kutusikia.