Kicheko cha Madoa

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama watu ambao hawajala? Na nyie wakubwa itikieni, msijifanye mmekuja kusindikiza watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama wadogo walikuwa na shule yao. Ilikuwa nyuma ya kichuguu, upande wa kivuli. Mwalimu wao alikuwa Bi Kanga. Bi Kanga msafi, Bi Kanga hodari, Bi Kanga mwepesi wa kukata shauri. Kila asubuhi aliwafundisha tabia njema. Yeye anauliza, wao wanajibu.

"Ukiingia?"

"Hodi."

"Ukipewa?"

"Ahsante."

"Ukikosea?"

"Nisamehe."

Walijibu kwa wimbo. Hiyo "nisamehe" waliivuta, wakaivuta, mpaka ndege wakaruka mitini. Lakini niwaambie ukweli. Nje ya wimbo, hakuna aliyewahi kuisikia. Mtoto akimkanyaga mwenzake, anakimbia.

Pembeni mwa darasa palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa. Mtungi wenyewe mmoja tu, na mto uko mbali.

Siku moja, wakati wa mapumziko, pwaa! Mtungi chini. Vigae huku, maji kule.

Bi Kanga akaja mbio, tiri tiri tiri. "Nani amevunja mtungi?"

Kimya.

"Nauliza, nani?"

Kila mtoto anatazama miguu yake.

Mara, hi hi hi.

Aliyecheka ni Madoa, mtoto wa fisi. Alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ameanza shule. Hi hi hi, hi hi hi.

"Umevunja mtungi, halafu unacheka?" akauliza Bi Kanga.

"Si mimi, mwalimu. Hi hi hi."

"Na uwongo juu. Nenda nyumbani. Ukipata adabu utarudi."

Madoa akaondoka. Akaenda njia nzima anacheka, hi hi hi, hi hi hi. Watoto wakasema, "Huyo kweli hana haya."

Zena, mtoto wa paa, kiranja wa darasa, akainama akaanza kuokota vigae.

"Mwangalieni Zena," akasema Bi Kanga. "Huyo ndiye mtoto mwenye adabu."

Kesho yake Madoa hakuja. Siku ya pili yake, hakuja. Watoto walipokwisha kwenda zao, akaja mama yake.

"Hodi."

"Karibu, Mama Madoa. Karibu ukae."

"Ahsante, sikai. Nimekuja kukwambia mwanangu harudi tena. Chakula hataki, usingizi hana. Nimembembeleza, wapi. Anasema shuleni kwenu yeye ni mwongo. Hi hi hi."

Bi Kanga akavimba. "Mama, hata wewe unacheka? Hili ni jambo la kucheka?"

Mama Madoa akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mwalimu, sisi fisi ndivyo tulivyo. Tukifurahi, tunacheka. Tukiogopa, tunacheka. Siku niliyomzika mama yangu nilicheka mpaka sauti ikanikauka. Ungeuliza, ungeambiwa."

Manyoya ya Bi Kanga yakamlala. Aibu ikamshika.

"Basi nitakuja nyumbani kwako jioni," akasema. "Nitamwomba radhi mtoto, yaishe."

"Ulimfukuzia wapi, mwalimu?"

"Darasani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wenzake."

"Haya," akasema Mama Madoa. Akageuka, akaenda zake.

Bi Kanga akabaki anakizunguka kichuguu. Mwalimu mzima amwombe radhi mtoto, tena hadharani? Kesho watamheshimu tena? Akazunguka, akazunguka. Kila akizunguka, anamkumbuka mtoto asiyekula. Mwisho akatuma ujumbe: mleteni Madoa.

Asubuhi Madoa akaja, kajificha nyuma ya mama yake. Bi Kanga akasimama mbele ya darasa. Hakuanzisha wimbo.

"Madoa," akasema, "nilikuhukumu bila kukuuliza. Nilikuita mwongo mbele ya wenzako. Nimekosa. Nisamehe."

Neno hilo watoto walilijua siku nyingi, ila hawakuwahi kuliona likifanya kazi.

Zena akasimama.

"Mwalimu, mtungi niliuvunja mimi. Nilikuwa nakimbia, nikaugonga. Nikaogopa kusema." Akamgeukia Madoa. "Madoa, nisamehe."

Alisema kwa sauti ndogo, haina wimbo hata kidogo.

Mara, hi hi hi.

Ni Madoa. Watoto wote wakamtazama mwalimu, wamsikie atasemaje. Bi Kanga akamsogelea polepole, akainama.

"Madoa, hicho ni kicheko cha nini?"

"Cha furaha, mwalimu," akasema Madoa. "Halafu nina njaa."

Kila mtoto akafungua chakula alichofungiwa na mama yake, akammegea. Madoa akala mpaka akashiba. Mama yake akasimama pale pembeni anacheka, na safari hii hakuna aliyemwelewa vibaya.

Mafunzo yake nayasema wazi. Uliza kabla hujahukumu. Na ukikosea, sema umekosea, ukiwa mdogo au mkubwa. Nyie walimu na wazazi mlioitikia kwa kujivuta pale mwanzo, mkitaka watoto waseme "nisamehe", nyie semeni kwanza, na wao wawasikie.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeibeba aibebe taratibu, asije akaivunja.