Harusi Isiyokuwa na Upepo

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Huko nyuma hamjala, mbona sauti hazitoki? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Wewe Mwanakheri, msogezee mwenzio mkeka, ukae vizuri. Na nyinyi watu wazima msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Nawajua! Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na mchongoma. Mchongoma mkubwa, kando ya kisima. Mtu akipita anaona majani. Anaona vijiti. Anaona miiba. Anateka maji yake, anasema, "Kichaka kitupu hiki," anakwenda zake.

Kitupu? Thubutu! Mchongoma ule ulikuwa mji. Yale majani, mengine si majani, ni panzi. Ile miiba, mingine si miiba, ni wadudu wamechongoka migongo. Lile gome la shina, si gome lote. Ni Nondo na jamaa zake, wamejibandika pale, mbawa wamezitandaza. Na vile vijiti, kimoja kilikuwa Bi Kijiti, mama wa watu, mrefu, mwembamba, miguu kama nyuzi. Ukimtazama, kijiti. Ukimtazama tena, kijiti.

Mji ule ulikuwa na sheria moja tu. Upepo ukivuma, tikisika. Upepo ukikoma, ganda.

Kwa nini? Kwa sababu ya Shore. Mnamjua Shore, yule ndege mwenye kishungi kichwani na tumbo lisilojua kushiba. Kijiti cha kweli hakijikuni. Jani la kweli halipigi miayo. Ukitikisika na upepo haupo, Shore anakuona. Akikuona, kwap! Umekwisha.

Basi hata harusi zao zilingoja upepo. Wageni wanakaa, bibi harusi anakaa, kila mtu kajipamba, kimya. Upepo ukija, vuuu, mji mzima unacheza. Upepo ukikatika, wote tuli. Hata mguu uliokuwa juu unabaki juu.

Msimamizi wa sheria alikuwa Vunjajungu. Naam, huyo huyo wa kijani, mnayeogopa kumgusa msije mkavunja vyungu vya mama zenu. Mkali! Siku za harusi alikuwa anakula kwao kwanza, ndipo aje. Msiniulize alikula nini.

Siku moja Bi Kijiti akamwoza binti yake. Binti wa pekee, tena aliyemlea kwa shida. Wageni wakafika tangu asubuhi. Bwana harusi akafika, kijana kijiti kutoka mkwaju wa ng'ambo. Mpiga ngoma akafika, Nyenje, akaingia ndani ya tundu la shina. Yeye hakuwa na wasiwasi wa kuonekana. Tundu lilimficha.

Wakangoja upepo. Upepo haukuja. Jua likapanda. Upepo haukuja.

"Bwana Vunjajungu," Bi Kijiti akanong'ona, "bado?"

"Bado. Tulia."

"Nimetulia."

Wakangoja. Jua likawa utosini.

"Bwana Vunjajungu, bado?"

"Bado, Bi Kijiti. Tulia!"

"Si nimetulia jamani!"

Nyenje naye kachoka kukaa bure. Akaanza kujaribu ngoma yake taratibu. Ti-ti-ndi. Ti-ti-ndi. Akaimba, na nyinyi nisaidieni:

Mwana wa Kijiti katoka,

— Upepo njoo!

Mama yake kafurahi,

— Upepo njoo!

Mara bibi harusi, polepole mno Shore asimwone, akatokeza nyuma ya jani. Lo! Kapendeza! Kapakwa ukungu wa kijani mabegani, shingo kaikunjua. Bi Kijiti akamwona. Moyo ukajaa pomoni. Akasema moyoni, "Mwanangu huyu! Huyu niliyemficha mvua na jua, ndiye huyu!"

Mguu mmoja ukaondoka. Ti.

Mguu wa pili ukaondoka. Ti.

Kiuno kikafuata. Ndi!

"Bi Kijiti!" Vunjajungu akanong'ona. "Bi Kijiti, we!"

Hasikii. Bi Kijiti anacheza. Ti-ti-ndi! Analia kwa furaha na anacheza. Majani yote tuli, miiba yote tuli, kijiti kimoja kinakata kiuno.

Puu! Shore akatua.

Ngoma ikazimika. Bi Kijiti akaganda, mguu juu. Lakini alichelewa.

"Ehee," akasema Shore. Akainamisha kichwa huku. Akainamisha kichwa kule. "Upepo hakuna. Hiki kijiti kilikuwa kinacheza nini?"

Akapangusa mdomo kwenye tawi.

"Jana nimeuma kijiti cha kweli, mdomo unaniuma mpaka leo," akasema Shore. "Leo sitaki kukosea. Lakini kijiti cha kweli hakikati kiuno."

Akaruka hatua moja. Tupu! Akaruka nyingine. Tupu! Jicho lake halimtoki Bi Kijiti.

Sasa fikirini, nyinyi mliokaa hapa. Mji mzima unaona. Kila mmoja anajua kwamba akitulia, yeye yu salama. Shore hamjui. Ataliwa Bi Kijiti peke yake. Na si kosa lake mwenyewe? Si aliambiwa? Panzi mmoja alifumba macho asione. Vunjajungu alisema kimoyomoyo, "Nilimkanya mimi." Na kweli alimkanya.

Shore akafungua mdomo.

Hapo bibi harusi akatikisika.

Taratibu, kulia, kushoto. Mabega yake yale yale yaliyopambwa. Shore akageuka. "Alaa! Na hiki nacho?"

Bwana harusi akaona mke wake hata hawajala naye chakula, na tayari anaonwa na Shore. Akatikisika na yeye. Kulia, kushoto.

"Na kile?"

Yule panzi akafumbua macho. "Liwalo na liwe," akasema, akatikisika. Jirani yake akatikisika. Jani hili, jani lile. Mwiba huu, mwiba ule. Na Vunjajungu, yule mkali, ambaye tangu azaliwe hajavunja sheria hata kidogo, akashusha pumzi, akanyanyua mikono yake ya dua, akayumba. Kulia, kushoto! Nyenje tunduni akavumisha mbawa: vuuuu. Mchongoma wote ukawa unayumba.

"Kumbe upepo," akasema Shore.

Akasita.

"Mbona manyoya yangu hayapepei?"

Mama yangu!  Shore akakisimamisha kishungi chake, akakinyoosha juu, apime huo upepo, upo au haupo.

Chini yake, kwenye gome, walikuwepo Nondo na jamaa zake. Nondo wale mchana hawaruki hata ukiwachoma kwa kijiti. Mchana kwao ni kifo. Nondo akawaambia wenzake, "Pamoja. Sasa!" Wakapiga mbawa, wote, pale pale walipo, bila kubanduka. Ffff! Ffff! Ffff! Upepo ukapanda shinani, ukapita tumboni mwa Shore, ukafika kwenye kishungi. Kishungi kikalala chali.

"Masikini mimi!" akapiga kelele Shore. "Upepo huu unatoka chini! Hii ni dhoruba! Na makinda yangu nimeyaacha kiotani peke yao!"

Purrrr! Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Mchongoma ukaacha kuyumba. Bi Kijiti akashusha ule mguu.  "Jamani," akasema, "nusura niwaponze nyote. Nisameheni. Mwanangu, na wewe siku yako ya harusi! Na kama ungeliwa?"

"Tungeliwa wawili, mama," akajibu binti. "Ningechezaje harusi bila wewe?"

Bi Kijiti akalia. Binti akalia. Hata Nondo, ambaye uso wake hauonekani ukamjua analia, alilia.

Wote wakamtazama Vunjajungu, wakingoja karipio. Vunjajungu akakohoa. "Bi Kijiti," akasema, "umevunja sheria."

"Nimevunja, bwana."

"Na mimi nimevunja. Na mji mzima umevunja. Sasa nani amkaripie nani?" Akayumba kidogo. "Halafu kuyumba kule... kumbe kutamu! Nyenje, wewe, umelala? Piga ngoma!"

Ti-ti-ndi! Ti-ti-ndi! Wakacheza mpaka jua likachwa, wote pamoja, hakuna aliyecheza peke yake na hakuna aliyekaa peke yake. Waliokuja kuteka maji wakasema, "Leo kisimani kuna upepo mzuri." Wakatua ndoo zao, wakapunga hewa.

Basi watoto, na nyinyi watu wazima mnaojifanya hamsikii, shikeni hili. Mwenzako akikosea na hatari ikamjia, usijifiche nyuma ya kusema, "Mimi nilimkanya." Simama naye kwanza. Kumkaripia kutangoja, na huenda mkishapona msione tena haja ya kukaripiana.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, akawape na wa kwao.